Mtu wa Karibu wa Salvina

Salvina alianza kukonda mwezi wa tano, na watu wakasema ni mawazo. Mumewe, Shedrack, alikuwa amezikwa kihambani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya hapo. Huku Old Moshi mjane akikonda hakuna anayeuliza sababu. Walimpa pole njiani, wakamwambia ajitahidi kula. Naye alikuwa anakula. Alikuwa anakula mtori, supu nzito ya ndizi, bakuli mbili asubuhi na bado njaa haiishi, na sketi aliyoivaa msibani sasa aliifunga kwa pini.

Kilichomtia wasiwasi hasa ni mlima. Kwa miaka ishirini na minane Salvina alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alianzia chini Kiboriloni akapanda nyumba kwa nyumba mpaka juu kabisa, daftari kwapani, tochi mfukoni ya kumulika ndani ya masanduku ya mita, na hakuna siku aliyokaa chini kupumzika. Sasa kutoka barabarani hadi mlangoni kwake alisimama mara tatu. Moyo ulimpiga hadi masikioni. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imewafungia watu ndani ya makoti, yeye alitokwa jasho mgongoni. Na mikono ilimtetemeka, kiasi kwamba kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba alikataa kumimina chai, akasingizia kwamba birika lina moto.

Hakuwa na wa kumweleza. Salvina si mtu wa pale kwa kuzaliwa. Alitoka Mkuu, Rombo, kwa Wakatoliki, akaolewa kwa Walutheri wa Old Moshi akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kichagga cha kwao na cha pale vinapishana, na Shedrack alikuwa anamcheka kwa upole kila alipochanganya maneno. Tangu azikwe, hakuna aliyemcheka. Mtoto wake wa kwanza, Ronald, alikuwa Dar es Salaam. Wa pili, Pamela, alikuwa Mwanza. Upande wao wa mteremko kulikuwa na nyumba saba, nzuri, za bati la rangi na madirisha ya vioo, na tano kati ya hizo zilikuwa zimefungwa. Wenyewe walikuja kila Desemba, wakachinja, wakajaza barabara magari, wakaondoka kabla ya katikati ya Januari. Salvina alizijua nyumba hizo tangu enzi za kazi yake: mita za humo hazikusogea miezi kumi na moja ya mwaka.

Nyumba mbili tu ndizo zilizofuka moshi kila siku, yake na ya Elinipendo. Na Elinipendo alikuwa hasemi naye.

Hilo lilitokana na kazi. Miaka kumi iliyopita, nyuma ya banda la ng'ombe la Elinipendo, Salvina aliona bomba jembamba lililopita pembeni ya mita, la kuchukua maji bila kulipia. Hakusema kitu; aliandika kwenye daftari, kama alivyoandika ya wengine. Wiki mbili baadaye mafundi walikuja wakakata maji, na ikaangukia siku ya kipaimara cha binti wa Elinipendo, wageni wakiwa wameshakaa. Tangu siku hiyo wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja aliangalia migomba na mwingine aliangalia chini. Kwenye msiba wa Shedrack Elinipendo alikuja, akamenya ndizi na wanawake wenzake, akaosha masufuria siku mbili, na akaondoka bila kumpa mfiwa mkono.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Salvina alikwenda zahanati. Mganga, kijana mwenye sweta la kijani, alimshika kifundo cha mkono akaangalia saa, akaangalia tena.

"Mama, mapigo mia moja na thelathini, na umekaa tu."

"Nimepanda mlima."

"Umekaa hapo nusu saa, mama. Hili limenizidi. Nitakuandikia rufaa umwone daktari bingwa wa magonjwa ya ndani."

"Ya ndani wapi?"

"Ya ndani yote. Moyo, figo, sukari, tezi. Yale yanayotibiwa bila kisu." Aliandika, kisha akainua uso. "Kadi ya bima unayo?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa kadi ya bima ya serikali, ambayo alikatwa mshahara kwa ajili yake miaka mingi, na baada ya kustaafu ikabaki kuwa yake. Aliihifadhi ndani ya Biblia, kwenye mfuko wa plastiki. Ukiondoa meno, alikuwa hajaitumia kwa ajili yake mwenyewe. Ilikuwa ya Shedrack zaidi.

Kwa hiyo alianza na kliniki ya mjini alikotibiwa Shedrack. Aliwakuta wamebandika karatasi dirishani, na msichana wa mapokezi akamsomea kana kwamba hakuona kuwa ameshaisoma.

"Tulisimamisha kadi mwezi uliopita, mama. Sasa ni taslimu."

"Mume wangu alitibiwa hapa hapa, kwa kadi hii hii."

"Pole, mama."

Salvina hakujua kama ile pole ilikuwa ya mume au ya kadi. Aliitikia, akatoka.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali nyingine, ya watu binafsi pia, yenye maua mlangoni. Pale kadi ilipokewa. Alikaa toka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, akaingia kwa daktari mdogo kuliko Pamela, aliyemwambia ni presha na kwamba wanawake wa umri wake huwa na wasiwasi. Alipomwonyesha barua ya rufaa, yule daktari aliirudisha juu ya meza. Bingwa alikuwepo, ila bingwa hakuwa kwenye mkataba wa bima. Kumwona yeye ni kulipa.

Jioni ile Ronald alipiga simu.

"Mama, mbona sauti yako inatetemeka?"

"Ni mtandao."

"Si uje Dar? Huku madaktari wamejaa."

"Nikija, ng'ombe atalishwa na nani?"

"Basi mama lipa tu cash, ntakutumia. Mambo ya bima achana nayo, yanachosha."

"Sitaki unitumie, Ronald. Nimekatwa mshahara kwa kadi hii miaka na miaka. Nataka inifikishe kwa daktari, hata mara moja."

Upande wa pili mtu alikuwa anamwita Ronald mezani. Alisema atapiga tena Jumapili. Salvina alibaki amekaa kibarazani na simu mapajani mpaka kioo chake kikazimika.

Hospitali ya tatu ilikuwa kubwa, na hapo bingwa alipokea kadi bila neno. Tatizo lilikuwa watu. Karani alipekua daftari la miadi, akasema nafasi ya karibu ni wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Ilikuwa Agosti. Salvina aliandikwa, akarudi kukaa kwenye benchi, si kwa kusubiri chochote, ila kutafuta pumzi kabla ya safari ya nyumbani. Pembeni yake alikaa mwanamke wa makamo mwenye mtandio wa zambarau na mfuko wa dawa.

"Umepewa lini, dada?" aliuliza yule mwanamke.

"Mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi ni mbali kwa mtu anayehema hivyo." Alimwangalia vizuri. "Mimi ni Rukia, nakaa Majengo. Sukari miaka tisa. Umeshakwenda kwa Daktari Khalid?"

"Simjui."

"Njia ya Mabogini. Ukishavuka reli, pale mashamba ya mpunga yanapoanza, kuna kituo kidogo cha ukuta mweupe. Bingwa wa ndani yule, na kadi ya serikali anapokea. Wengi hawamjui kwa sababu kituo hakina kibao cha maana. Anakuja Jumanne, na Ijumaa asubuhi. Ila piga kwanza, usiende kichwakichwa."

Rukia alimsomea namba, akahakikisha imeandikwa sawa kwa kuipiga mara moja na kukata. Kisha jina lake likaitwa dirisha la dawa, akanyanyuka, na Salvina hakumwona tena. Mara nyingi baadaye alijuta kwamba hakumuuliza namba yake mwenyewe.

Salvina alipiga simu, na Jumanne akashuka mpaka mjini, akavuka reli. Huko chini joto lilikuwa la namna nyingine, na upepo ulileta harufu ya matope ya mpunga. Kwenye mapokezi walikuwa na mashine ya kusoma alama za vidole. Aliweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka tena. Mkono ulikuwa unatetemeka na kidole hakikutulia kwenye kioo. Watu watatu nyuma yake walianza kuguna.

"Usiwe na haraka, mama," alisema mhudumu, mwanamke mnene mwenye miwani, na akaushika mkono wa Salvina kwa mikono yake yote miwili, akaukandamiza taratibu. Mashine ikakubali. Salvina aliona aibu kwa jinsi alivyotaka ule mkono usiachwe upesi.

Daktari Khalid alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, wa hapo hapo Moshi mjini, mwenye sauti ndogo. Alimwamkia, "Shikamoo, mama," akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Salvina hakulizoea. Kisha akammiminia maji kwenye glasi.

"Kunywa, mama. Funda moja moja."

Alikunywa, daktari akimtazama shingoni. Halafu akapita nyuma ya kiti na kumpapasa koo kwa vidole vya baridi.

"Kwenu huko juu kuna watu wenye rovu, huu uvimbe wa shingoni?"

"Mama mkwe alikuwa nalo. Kubwa."

"Lako ni dogo, halionekani kwa macho. Lakini nadhani ndilo linalokusumbua. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unakimbia, mwili unakonda, mikono inatetemeka, usingizi hauji. Tutapima damu tujue. Kwa sasa nakupa kidonge cha kutuliza moyo."

"Si mawazo, basi?"

"Mawazo unaweza kuwa nayo pia," alisema daktari. "Lakini hili ni tezi."

Salvina aliinamisha kichwa. Miezi mitatu watu walikuwa wanampa pole ya jambo jingine.

Majibu ya damu yalikuwa tayari Ijumaa, na yalikuwa kama daktari alivyodhani. Alimwandikia dawa ya tezi, akamweleza kuwa ataimeza mwaka mzima, labda na nusu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Nani yuko nawe nyumbani, mama?"

"Tupo."

"Mko wangapi?"

Salvina aliangalia dirishani. Nje mtu alikuwa anaosha pikipiki. "Niko mwenyewe, daktari," alisema, na akagundua kwamba tangu msiba hakuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote.

"Nauliza kwa sababu ya dawa. Ni nzuri, lakini kwa watu wachache sana inashusha zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Ukipata homa, au koo likiuma, hata kama unaona ni mafua tu, acha dawa uje siku hiyo hiyo tupime damu, hata kama si siku yangu. Usisubiri kesho. Na mtu mwenye homa peke yake nyumbani husubiri kesho." Alisukuma fomu mbele yake. "Hapa nataka jina na simu ya mtu wa karibu. Anayeweza kukufikia kwa miguu. Si wa Dar."

Salvina alizipitia nyumba moja moja kama zamani akisoma mita: hii imefungwa, hii imefungwa, hii imefungwa. Mwishowe aliandika *Elinipendo*, kwa herufi zilizopinda. Mahali pa simu akaacha wazi.

"Namba nitaileta," alisema.

Alikwenda kwa jirani huyo kesho yake saa nne asubuhi, akiwa amekwisha kunywa dawa. Elinipendo alikuwa anakatakata mgomba wa ng'ombe kwa panga, kwenye kivuli cha banda lile lile.

"Hodi."

"Nani?"

"Mama Ronald."

Panga lilisimama. "Karibu," alisema Elinipendo, kama mtu anavyomkaribisha mgambo. Hakutoa kigoda. Salvina alisimama, akaeleza yote kwa ufupi: tezi, dawa, homa, fomu.

Elinipendo alimwangalia mikononi. "Umekuja na sale?"

Kwa Wachagga anayekuja kuomba msamaha hushika jani la sale, na aliyekosewa hawezi kumkataa mwenye jani hilo. Sale lilikuwa limejaa kwenye uzio mzima. Salvina alikuwa amepita kando yake.

"Hapana. Niliandika nilichokiona. Ilikuwa kazi yangu."

"Sasa unataka nini?"

"Namba yako ya simu."

Elinipendo alicheka kidogo, kwa pua. "Watoto wako wako wapi?"

"Waliko wako."

Elinipendo alikata mgomba mara mbili tatu.

"Wageni arobaini," alisema bila kuinua uso. "Nilichota maji mferejini nikiwa na gauni la sherehe. Nilipanda na ndoo mara kumi na moja."

"Najua. Nilikuona."

"Ulinionea wapi?"

"Dirishani kwangu."

Elinipendo aliweka panga chini. "Uliniona," alisema polepole, "na hukuja kunisaidia hata ndoo moja."

Salvina alitaka kusema aliona aibu, kwamba alisimama nyuma ya pazia na ndoo yake ikiwa imejaa, akidhani akitoka atafukuzwa. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakutosha.

"Hapana. Sikuja."

"Bomba nilijua nimekosa. Marehemu mume wangu ndiye aliyelifunga, lakini nilijua. Ndoo ndiyo iliyoniuma."

"La ndoo, nisamehe," alisema Salvina.

Ng'ombe alisogea bandani. Elinipendo alijifuta mikono kwenye khanga, akaomba karatasi. Aliona jinsi Salvina alivyokuwa anahangaika kukifungua kifuniko cha kalamu, akamnyang'anya, akaandika namba mwenyewe, kubwa kubwa.

"Wakinipigia nitakuja," alisema. "Lakini sijasema yameisha."

"Wala mimi sijasema yameisha," alisema Salvina.

"Haya. Aika," alisema Elinipendo, asante ya Kichagga, ya kuagana.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Walisalimiana, basi. Wiki ya tano ya dawa, Jumapili, Salvina aliamka na koo linakwaruza na mwili una moto. Alijiambia ni vumbi, akajilaza. Saa sita mchana mlango ulisukumwa bila hodi.

"Ng'ombe wako analia tangu asubuhi," alisema Elinipendo. Kisha akamwona. "Koo?"

Salvina aliitikia kwa kichwa.

"Na ulikuwa unasubiri nini? Kesho?"

Elinipendo alipiga simu kituoni yeye mwenyewe, kwa namba iliyokuwa kwenye pakiti ya dawa, akatafuta gari, akakaa naye benchini Mabogini mpaka damu ilipopimwa. Chembe nyeupe zilikuwa sawasawa. Ilikuwa homa ya mafua, ya kupita. Usiku Elinipendo alimletea uji kwenye chupa ya chai, akauacha mlangoni.

Kufikia mwezi wa kumi na moja mapigo ya moyo yalishuka hadi themanini na mbili, na kilo nne zilirudi. Miadi ya mwezi wa kumi kwenye hospitali kubwa alikuwa ameifuta, akamwambia karani ampe nafasi hiyo mwenye kuhitaji. Desemba watoto wakaja. Nyumba ilijaa, wajukuu wakalala hadi sebuleni, Ronald akasema, "Mama umenenepa bwana, ile ilikuwa stress tu." Salvina alimweleza kuhusu tezi. Ronald alisikiliza nusu, simu mkononi, akasema afadhali. Pamela alilia kidogo, akamlaumu kwa kutomwambia. Tarehe kumi ya Januari wakaondoka, na Salvina akafua mashuka kumi na mawili kwa siku mbili, taratibu, ili kazi isiishe mapema.

Februari binti wa Elinipendo, yule wa kipaimara, alikuja kumchukua mama yake kwenda Arusha kutolewa mtoto wa jicho. Ingechukua miezi miwili, labda zaidi. Elinipendo alikuja jioni ya kabla ya safari, akasimama mlangoni.

"Ng'ombe wangu hali majani ya mabondeni," alisema. "Anayaacha."

"Nitamkatia ya huku juu."

"Na ukipata koo?"

"Nitateremka mwenyewe, asubuhi hiyo hiyo."

Elinipendo alimwangalia kwa jicho lake zima kama anayepima kama ni kweli. Akaondoka.

Jumanne iliyofuata Salvina alikuwa kwa Daktari Khalid. Dawa ilipunguzwa ikawa nusu. Daktari alifungua faili, akaipitia ile fomu, kwa sababu alikuwa mtu wa kupitia fomu.

"Huyu mtu wako wa karibu, bado yupo?"

"Amesafiri. Yuko Arusha."

"Basi tuandike mwingine, mama."

Salvina alifikiri. Mteremko mzima ulikuwa kimya sasa, moshi ukitoka kwenye nyumba moja tu.

"Hakuna mwingine," alisema. "Atarudi baada ya Pasaka. Liache jina hilo hilo."

Daktari aliliacha. Alimwandikia tarehe ya kurudi, na Salvina akatoka nje, akapita kando ya vijaruba vya mpunga kuelekea barabarani, akiwa na haraka kidogo, maana ng'ombe wawili walikuwa wanamsubiri.